Bila Chumvi

Mkono ule unaovuta kamba ya jenereta, dakika ya tisa,
ni wangu.
Uso waliukata. Sina kinyongo;
mkono umetoka vizuri.

Filamu yenyewe ni ya Balikowa,
ambaye Walukuba nzima tulimwita Kipaza:
miaka thelathini na mmoja juu ya kiti cha chuma,
kando ya televisheni yenye kitambaa cha kudarizi,
akitufasiria Wachina, Wahindi, Wamarekani,
lugha asizozijua hata moja.
Jambazi wa Hong Kong alidaiwa kodi na Hajati wa Masese.
Bibi harusi wa Bombay alililia ugali wa wimbi wa mama yake.
Tulilipa shilingi mia mbili, tukabanana kwenye mbao,
tukaamini.

Kisha akaja Kyomuhendo kutoka Kampala,
binti mpole, kamera begani.
Akamkalisha, akamuuliza swali moja, akanyamaza.
Kimya kile ndicho kilichomfungua mzee.
Saa nne kwa siku, siku tatu, maneno hayakauki;
betri zikafa, nikakimbia nazo kwa kinyozi kuzichaji.
Siku ya nne akampeleka pale mto unapoliaga ziwa,
asimame, atazame mbali.
"Nitazame nini?"
"Chochote, mzee."
"Mimi huku sijafika tangu harusi ya shemeji yangu."
Hilo nalo walilikata.
Kwenye filamu anatazama maji
kama mtu aliyezaliwa kuyatazama.

Jumamosi wakaileta nyumbani, kwenye kibanda kilekile,
mabati yaleyale, matundu yanayotuangushia nyota za mchana.
Maandishi meupe yakapita chini kwa Kiingereza,
mbiombio, kama siafu wamehama.
"Nilizaliwa Kamuli, mwaka wa mafuriko,"
akaanza mzee wa kwenye kioo, taratibu, kwa heshima zake.
Na mzee wa kwenye benchi akavumilia dakika mbili,
tatu,
akainuka.
Akanitazama tu. Nikachomeka maikrofoni.

"Msimwamini huyu babu! Mafuriko gani?
Mafuriko yalimkuta darasa la pili, kaptura imetoboka!"
Kibanda kikapasuka.
Akajifasiri. Akajiongezea kimo, akajipa pikipiki,
akamfanya marehemu baba yake mkuu wa stesheni
badala ya mfagiaji wa stesheni.
Pale alipotazama maji, akatuambia anatafuta mamba anayemdai.
Kyomuhendo, mlangoni, mikono kichwani,
kisha kiganja mdomoni,
kisha machozi ya kicheko.

Ndipo, bila hodi, akatokea Naigaga.
Hakuna aliyemwambia mzee kwamba walimfuata hadi Iganga.
Yuko mkekani, anachambua karanga,
kamera haitazami.
Anasema kwa Kisoga, kile ambacho wengi wetu mle tulikinyonya:
"Alijua kila mgeni wa ng'ambo anasema nini.
Mimi nilisema miaka kumi na minne.
Hata siku moja hakuuliza, ati, umesemaje?"

Tumesikia wote. Mfasiri wa nini tena?
Maikrofoni ikakwaruza.
Nilidhani ataitua.

Akafasiri. Kwa Kiswahili, neno baada ya neno,
kama mtu anayehesabu pesa za watu mbele yao:
"Anasema, mimi nilijua kila mgeni anasema nini.
Anasema, yeye alisema miaka kumi na minne.
Anasema,
sikuuliza."
Hakuongeza kitu. Wala punje.
Nimekaa na sauti ile tangu utoto wangu,
sijapata kuisikia tupu namna ile.

Kwenye kioo Naigaga akapuliza maganda,
akatabasamu kidogo, kama kwa bahati mbaya:
"Lakini sauti alikuwa nayo."

Hilo hakulifasiri.

Dakika ya arobaini na moja umeme ukakatika, desturi yake.
Nikapapasa ukuta hadi uani, kwenye jenereta.
Ndani, watu mia na zaidi, hakuna aliyepiga mluzi.
Nikaishika kamba.
Sikuivuta upesi.